Boila Inameza Makapi, Umeme Haupandi: Joto Linapotelea Wapi?

Uganda haina stesheni ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Sehemu kubwa ya umeme wetu inatoka Mto Nile: Nalubaale pale Jinja tangu 1954, kisha Bujagali, Isimba na Karuma. Lakini mvuke tunao, tena mwingi. Kakira, Lugazi na Kinyara wanachoma makapi ya miwa kuzungusha turbini, na viwanda vya chai vya magharibi vinachoma magogo ya mikaratusi ili kukausha majani. Mitambo hiyo ni ndugu wa damu na ile ya makaa ya mawe, na vitabu tulivyofundishiwa karibu vyote viliandikiwa makaa ya mawe. Joto linapotea kwa njia zilezile.

Nilianza kama mpiga moto kiwanda cha chai, nikaishia zamu ya turbini kiwanda cha sukari. Haya ni malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa wenzangu. Kila lalamiko nimelipangia vyanzo kuanzia kile kinachotokea mara nyingi, na ukaguzi mwepesi kabla ya kufungua boliti yoyote.

## Kwanza jua ukomo wako

Meneja akikuuliza kwa nini nusu ya joto haifiki kwenye waya, usitafute kosa lisilokuwepo. Stesheni ya kawaida ya makaa ya mawe hugeuza kama asilimia 33 hadi 38 tu ya joto kuwa umeme. Zile bora kabisa duniani, zinazotumia mvuke wa nyuzi 600 hivi na presha inayovuka baa 221, hupita kidogo asilimia 45. Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba ukomo unatokana na pengo kati ya joto la juu na joto la chini. Mvuke ukiwa nyuzi 540 na kondensa, yaani chombo kinachopoza mvuke uwe maji tena, nyuzi 40, hata mtambo usio na kasoro hata moja haungevuka asilimia 62. Mtambo halisi uko mbali chini ya hapo, kwa sababu kila kilo ya mvuke inayofika kondensa inabeba karibu kilojuli 2,400 ambazo lazima zimwagwe ili irudi kuwa maji.

Mitambo yetu ya makapi iko chini zaidi, kwa kuwa mvuke wake si wa moto kiasi hicho na kinachochomwa kimelowa. Ila kiwanda cha sukari kina bahati ambayo stesheni ya umeme mtupu haina. Mvuke ukitoka kwenye turbini unakwenda kuchemsha maji ya miwa, kwa hiyo joto ambalo wenzetu wanalitupa sisi tunalipikia sukari.

Kwa hiyo linganisha mtambo wako na mtambo wako. Makapi yenye unyevu wa asilimia 50, kwenye boila yenye afya, hutoa tani mbili za mvuke au zaidi kidogo kwa kila tani. Kama mwaka jana ulipata mbili na leo unapata moja na nusu, basi kuna mahali joto linatoroka, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

## Moshi mweusi, na presha haishiki

Hili ndilo lalamiko la kila msimu wa mvua, na mara nyingi chanzo ni maji ndani ya makapi.

Pima kabla ya kubishana. Chukua gramu 100 kutoka kwenye mkanda unaolisha boila, si kutoka juu ya rundo ambako jua limeshapiga. Zitie kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 105 mpaka uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 50, uko sawa. Siku moja ya Aprili zilibaki 44. Yale makapi ukiyafumbata, kiganja kilibaki kimelowa kama umeshika nguo iliyotoka kukamuliwa, na bado zamu nzima ilikuwa inagombana kuhusu feni.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini si ndogo hata kidogo. Kila kilo ya maji hula karibu kilojuli 2,500 igeuke mvuke na kutoka na moshi bila kukufanyia kazi yoyote. Unyevu ukipanda kutoka asilimia 50 hadi 55, joto unalolipata katika kila kilo ya makapi linashuka kwa zaidi ya asilimia 10. Na tiba haiko kwenye boila. Iko kwenye kinu cha mwisho cha kukamua miwa: roli zimelika, presha ya roli imepungua, au maji ya kusuuzia yameongezwa ili kukamua sukari ya mwisho. Nenda ukaongee na fundi wa kinu kwa heshima, ukiwa na karatasi ya vipimo mkononi. Ukienda na maneno matupu atakwambia ni boila yako.

Kwa wenzetu wa chai, sheria ni ileile. Gogo la mkaratusi lililokatwa juzi linaweza kuwa maji kwa nusu ya uzito wake. Gonga magogo mawili: makavu hulia kwa sauti kali, mabichi hutoa mlio uliozibwa. Tazama ncha zake. Gogo lililokauka lina nyufa zinazotawanyika kutoka katikati. Pasua magogo, yapange chini ya paa huku upande ukiwa wazi kwa upepo, na chomeni yale ya zamani kwanza. Nimeona kiwanda kinachonunua kuni nyingi na nzuri, kisha kinazilundika kwenye matope na kuchoma zilizofika jana kwa kuwa ziko karibu na mlango wa tanuru. Inaniuma, maana ile ni misitu inayoteketea kuchemsha maji ya mvua.

Kama makapi ni makavu na moshi bado ni mweusi, angalia hewa. Chungulia kwenye tundu la tanuru. Ukiona mahali wavu wa chuma unaobeba moto uko mtupu na mweupe kwa moto, na kando yake kuna kichuguu cheusi, hewa inapita pale penye upenyo na kukikwepa kichuguu. Sawazisha ulishaji, kisha kwenye zamu ya kusafisha zibua matundu ya wavu.

Baada ya hapo, angalia feni. Jinja iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 12. Feni inayosukuma ujazo uleule inaleta oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Ikiwa aliyeiagiza alitumia hesabu za pwani, dampa (kile kilango kinachopunguza hewa ya feni) unaweza kuifungua yote na hewa isitoshe. Hilo ni suala la mhandisi, wala si kosa la mpiga moto.

Tahadhari: moto ukizimika wakati makapi yamejaa ndani, usiongeze makapi wala kuwasha upya papo hapo. Gesi iliyojikusanya inaweza kulipuka na kung'oa milango. Simamisha ulishaji, acha feni isafishe tanuru kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha mtambo wako, ndipo uwashe.

## Moshi ni safi, lakini bomba la moshi lina joto kuliko zamani

Kila nyuzi 20 zinazoongezeka kwenye moshi unaotoka zinakugharimu takriban asilimia moja ya ufanisi wa boila. Ndiyo maana kipimajoto cha bomba la moshi nakithamini kuliko geji nyingine yoyote upande wa moto.

Chanzo cha kwanza ni hewa kupita kiasi. Watu wanaogopa moshi mweusi, wanafungua feni yote, na moshi unakuwa safi kwelikweli, lakini sasa unapasha hewa ambayo haikuchoma chochote na kuirudisha angani. Pima oksijeni kwenye moshi. Boila za makaa ya mawe hulenga asilimia 3 hadi 4; makapi yanahitaji zaidi kidogo. Ukikuta 10, hewa imezidi. Kabla ya kupunguza feni, hakikisha hewa haiingii kwa magendo. Tanuru likiwa linavuta, pitisha kijiti cha udi kinachofuka kando ya milango, tundu za kuchungulia na maungio ya kuta. Mahali ule uzi wa moshi unapopinda na kumezwa, hapo gaskiti imekufa. Kazi hii ni ya dakika 20 na karibu haina gharama.

Chanzo cha pili ni masizi na majivu nje ya mirija. Dalili yake ni kwamba joto la moshi hupanda polepole wiki kwa wiki, kisha hushuka ghafla baada ya kupuliza masizi. Kama halishuki baada ya kusafisha, basi shida iko ndani ya mirija: ukoko wa chokaa na madini mengine. Huo huuoni kwa nje. Unauona siku ya kufungua boila, mweupe kama ule wa birika la chai nyumbani, na madhara yake si kula kuni peke yake. Ukoko unazuia maji yasipooze chuma, chuma kinapata joto kupita uwezo wake, mrija unavimba na kupasuka. Kuondoa ukoko kwa asidi si kazi ya kujaribu. Mwite mtaalamu wa maji ya boila, na umuulize pia kwa nini ukoko ulijengeka, la sivyo mtakutana tena.

Mwisho, ukuta wa ndani unaoelekeza moshi unaweza kuwa umevunjika, ukawa njia ya mkato. Hapo joto hupanda kwa siku moja, halipandi polepole.

Usijaribu pia kushusha joto la moshi bila kikomo. Makaa ya mawe yana salfa, na moshi wake ukipoa mno hutengeneza asidi inayokula chuma. Ndiyo maana stesheni zake huachia moshi ukiwa bado na nyuzi 120 au zaidi. Makapi yana salfa kidogo sana, lakini moshi wake umejaa mvuke, na ukipoa unaleta kutu kwenye kipasha hewa.

Tahadhari: hakuna mtu kuingia ndani ya tanuru au ngoma ya boila kwa sababu "imeshapoa". Lazima valvu zote zifungwe kwa kufuli, hewa ipimwe, kibali kiandikwe, na mtu abaki mlangoni muda wote.

## Vakyumu ya kondensa haifiki kwenye namba ya kitabu

Hapa nitakaa, kwa sababu nimeona watu wakihangaika wiki nzima bila sababu.

Kijana wa zamu ya usiku alinijia akiwa amechoka: "Mzee, kitabu kinasema vakyumu ya milimita 700, sisi tunapata 600 tu. Tumekaza kila boliti." Nilimuuliza geji inaonyesha nini turbini ikiwa imelala. Ilionyesha sifuri, kama inavyotakiwa. Kisha tukaenda kwenye kipimahewa cha maabara: milimita 660 hivi za zebaki. Pwani ni 760. Vakyumu, au ombwe kwa Kiswahili cha darasani, ni hewa iliyoondolewa. Kama hewa yote iliyopo ni 660, huwezi kuondoa 700 hata ukiita mafundi wa dunia nzima.

Hesabu inayofaa ni ya kilichobaki ndani. Vakyumu ya 600 Jinja inaacha milimita 60, ambapo mvuke unageuka maji kwenye nyuzi 41 au 42. Hiyo ni kazi nzuri sana. Vakyumu hiyohiyo ya 600 pwani ingeacha 160, mvuke ungegeuka maji kwenye nyuzi 61, na turbini ingekuwa inapoteza nguvu nyingi. Geji moja, namba moja, hali mbili tofauti. Andika presha halisi kwenye daftari la zamu, usiandike vakyumu peke yake.

Ukishasahihisha hesabu na bado kilichobaki ni kingi, tafuta hivi. Soma joto la maji ya kupoza yanapoingia na yanapotoka. Tofauti ikiwa kubwa kuliko kawaida, maji yanayopita ni machache: pampu imechoka, au chujio limeziba. Wanaovuta maji ziwani wanajua magugu maji yanavyofanya baada ya usiku wa upepo. Maji yakiingia tayari yakiwa na joto, mnara wa kupozea ndio mgonjwa: feni imesimama, vinyunyizio vimeziba, au mwani umefunika sehemu za ndani.

Kama maji ni ya kutosha na baridi, lakini pengo kati ya joto la mvuke na joto la maji yanayotoka linakua mwezi hadi mwezi, mirija ya kondensa ni michafu. Panga kuipiga brashi mtambo ukisimama.

Na kama maji yaliyotoka kwenye mvuke ni baridi kuliko yanavyopaswa kuwa kwa presha ile, kuna hewa ndani. Paka povu zito la sabuni kwenye flenji, shina za valvu na kioo cha kina cha maji, moja baada ya nyingine. Povu likinyonywa ndani, umekipata. Kagua pia mvuke wa kuziba shingo za turbini na ile ejekta inayonyonya hewa. Nozeli yake ikilika tundu linapanuka na nguvu inaisha.

Tahadhari: usizibe wala kurekebisha swichi inayozima turbini vakyumu ikianguka. Inalinda sehemu ya nyuma ya turbini, na inawalinda waliosimama kando yake.

## Maji ya kuongeza yanazidi kila siku

Kila lita unayoongeza ilikuwa na joto, na sasa imekwenda. Anza na trapu za mvuke, zile valvu ndogo zinazotoa maji kwenye bomba na kuzuia mvuke. Iliyokwama wazi inapiga kelele mfululizo. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na sikio kwenye mpini. Nzuri hufunga na kufungua. Kisha tazama umwagaji wa maji ya chini ya boila, ule wa kutoa chumvi iliyojikusanya. Wapo wanaomwaga kwa saa badala ya kupima chumvi, wakimwaga maji ya moto kwa mazoea.

Uvujaji mdogo nao usiudharau. Tundu la milimita 3 kwenye bomba la baa 7 linapoteza kama kilo 30 za mvuke kwa saa, zaidi ya kilo 700 kwa siku. Rudisha maji ya mvuke uliokwisha kazi kadiri yanavyoweza kurudi yakiwa safi: kila nyuzi 6 unazoongeza kwenye maji yanayoingia boila zinakuokolea kama asilimia moja ya kuni. Ila kumbuka kwamba kwenye mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96, sio 100. Tangi lililo wazi likisukumwa hadi 95, pampu itaanza kumeza mvuke na kunguruma kama ina kokoto tumboni. Ukisikia hivyo, shusha joto kidogo, au inueni tangi.

Tahadhari: mvuke wa presha kubwa unaovuja hauonekani karibu na tundu, ule weupe unaanza mbele. Usiutafute kwa mkono. Tumia ufito mrefu uliofungwa kitambaa.

## Kioo cha maji kinarukaruka, turbini inataka mvuke mwingi kwa megawati zilezile

Haya mawili huja pamoja. Maji yenye chumvi nyingi, au maji ya miwa yaliyoponyokea kwenye maji yanayorudi, hutoa povu kwenye ngoma. Matone yanabebwa na mvuke, yanaacha chumvi na silika kwenye mabawa ya turbini, njia inabanwa, na nguvu inashuka taratibu. Pima chumvi na sukari kwenye maji yanayorudi. Ukikuta sukari, elekeza maji hayo mferejini papo hapo mpaka chanzo kipatikane. Punguza mzigo, mwaga maji ya chini kwa kipimo. Kama turbini imeshashuka nguvu na mtetemo umeanza, simamisha na muite mtengenezaji. Kufungua kifuniko cha turbini si kazi ya karakana yetu.

Tahadhari kubwa kuliko zote: maji yakipotea kabisa kwenye kioo na hujui yako wapi, usiongeze maji. Maji yakigusa chuma kilichoiva, boila inaweza kulipuka. Kata ulishaji wa moto, ondoa watu, acha ipoe yenyewe, na isiwashwe tena mpaka ikaguliwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inataka ukaguzi huo ufanywe na mtu aliyeidhinishwa.

## Boila ni nzima, turbini ni nzima, lakini umeme unaouzwa ni mdogo

Soma mita mbili: ya jenereta na ya laini inayotoka. Tofauti ni umeme tunaoutumia wenyewe. Stesheni za makaa ya mawe hula kati ya asilimia 5 na 10 ya umeme wao kwa pampu, feni na visagio. Kwetu mwizi mkubwa ni feni inayozunguka kwa kasi yote huku dampa imefungwa nusu. Kifaa cha kupunguza kasi ya mota hurudisha gharama yake pale penye mzigo unaopanda na kushuka.

Tazama pia saa. Kinu kikisimama usiku kwa kukosa miwa, turbini inashuka hadi theluthi ya mzigo, lakini feni, pampu na joto linalotoka kwenye kuta havishuki hadi theluthi. Boila mbili zikiwa zinakoroma nusunusu, zima moja na upakie nyingine, kisha pima tena makapi kwa tani ya mvuke saa mbili baadaye.